Fangasi kwenye damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kipimo cha CrAg na vipimo vingine vya aina yake

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaohudhuria CTC, yaani kliniki ya VVU, kwa ndugu wanaouguza mgonjwa wodini, na mengine kwa wahudumu wenzetu wa afya. Sehemu kubwa inahusu CrAg, kwa sababu katika nchi zetu ndicho kipimo cha damu cha fangasi kinachookoa watu wengi zaidi, na bado wengi wanaokihitaji hawajawahi kukisikia. Vipimo vya wagonjwa wa saratani na waliopandikizwa viungo vinafuata baadaye.

Fangasi si ugonjwa wa ngozi? Anafikaje kwenye damu?

Fangasi wa vidole vya miguu na mashilingi ya watoto wanaishia juu ya ngozi. Wanaozungumziwa hapa ni wengine, wanaoingia mapafuni, kwenye damu na hatimaye ubongoni.

Anayetusumbua zaidi anaitwa kriptokokasi. Anaishi kwenye udongo, kwenye kinyesi cha ndege hasa njiwa, na kwenye miti iliyooza. Chembe zake ni ndogo mno, zinapeperuka na vumbi na tunazivuta bila kujua. Mwenye kinga imara kwa kawaida hapati shida. Kinga ikishuka sana, fangasi huyu huongezeka, hupenya kwenye damu na kupanda ubongoni, na hapo ndipo inapozuka homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Haiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa vyombo.

Makadirio ya mwaka 2020 ni kwamba watu wapatao 152,000 wenye VVU duniani walipata ugonjwa huu na 112,000 wakafa, wengi wao katika Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya vifo vyote vinavyotokana na UKIMWI, karibu 19 katika kila 100 vinasababishwa na fangasi huyu mmoja.

"Kiashiria cha damu" ni nini hasa?

Ni kitu kinachoonekana kwenye damu na kutuambia ugonjwa fulani upo, hata kama kimelea chenyewe hatujakiona. Kriptokokasi amezungukwa na ganda nene la sukari, na vipande vya ganda hilo vinabanduka na kusambaa kwenye damu. Vipande hivyo ndivyo antijeni inayotafutwa na kipimo cha CrAg.

Faida yake ni muda. Kumwotesha fangasi maabara huchukua siku kadhaa, wakati antijeni inasomwa ndani ya dakika 10.

Nani anatakiwa kupimwa?

Mtu mzima au kijana anayeishi na VVU ambaye CD4 yake, yaani hesabu ya chembe za kinga kwenye damu, iko chini ya 100. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kipimo kinaweza kutolewa hata kwa wenye CD4 chini ya 200, na kwa maoni yangu pale vifaa vinaporuhusu hakuna sababu ya kungoja ishuke zaidi.

Watu hudhani hili linawahusu waliogundulika leo tu, lakini sivyo. Wapo walioacha dawa mwaka mzima, wakahama mji, wakapoteza kadi, kisha wakarudi. Wapo wanaomeza dawa lakini wingi wa virusi umepanda. Wote hawa CD4 yao inaweza kuwa imeshuka sana, na wote wanastahili kipimo. Tatizo jingine ni kwamba tangu dawa zilipoanza kutolewa kwa kila mwenye VVU bila kungoja CD4, baadhi ya vituo vimelegea kuipima. Bila CD4 hakuna anayejua kinga yako imefika wapi, na CrAg nayo haiagizwi. Kwa hiyo swali la kwanza kliniki ni CD4.

Mbona mimi sisikii maumivu yoyote? Kwa nini nipimwe?

Wakati wa kupima ni huo huo, kabla hujasikia chochote. Watafiti waliowafuatilia watu wenye VVU huko Entebbe, Uganda, walichapisha mwaka 2002 kwamba antijeni ilikuwa tayari kwenye damu wiki kadhaa kabla ya dalili: kwa wastani wa kati siku 22, na kwa wengine zaidi ya siku 200.

Ndani ya siku hizo 22, mtu aliyepimwa anaweza kupata vidonge akarudi nyumbani kwake. Asiyepimwa hurudi na kichwa kinachouma usiku na mchana, anatapika, haoni vizuri, ndugu wamemshika huku na huku. Fangasi ni yule yule, lakini kazi ya kumtibu wakati huo ni kubwa mara nyingi zaidi na wengi hawaponi.

Kwa ujumla, kati ya kila watu 100 wenye VVU na CD4 chini ya 100, takriban 6 hukutwa na antijeni hii.

Kipimo chenyewe kinafanyikaje?

Unatolewa damu kidogo mkononi kama kwa vipimo vingine. Maabara nyingi hutumia plasma iliyobaki kwenye kichupa kile kile cha CD4, na huo ndio utaratibu mzuri kuliko yote kwa sababu mgonjwa hahitaji kurudi wala daktari hahitaji kukumbuka. Afrika Kusini iliufanya kuwa utaratibu wa nchi nzima mwaka 2016: CD4 iliposoma chini ya 100, maabara iliendelea yenyewe na CrAg.

Mtaalamu wa maabara anadondosha tone moja la kimiminika cha kipimo kwenye kichupa kidogo, anaongeza maikrolita 40 za sampuli, kisha anatumbukiza kijikaratasi chembamba kinachofanana na cha malaria. Unyevunyevu unapanda taratibu. Mstari wa juu, wa uhakiki, lazima utokee. Usipotokea kipimo ni batili na kinarudiwa. Mstari wa chini ukitokea, antijeni ipo. Hakuna mashine wala umeme unaohitajika, na vijikaratasi havihitaji friji, ndiyo maana hata zahanati ya kijijini inaweza kukifanya.

Mstari wa chini umetokea hafifu sana. Tusome nini?

Chanya. Hafifu ni chanya.

Nimeambiwa CrAg yangu ni chanya. Ina maana fangasi amefika ubongoni?

Si lazima, lakini inawezekana hata kama unajisikia vizuri. Kwa wasio na dalili ambao damu yao ina antijeni, karibu theluthi moja hukutwa na fangasi tayari kwenye maji ya uti wa mgongo. Ndiyo maana hatua inayofuata ni kuchukua maji hayo na kuyapima kwa CrAg ile ile. Wino wa India, njia ya zamani ya kumtafuta fangasi kwa darubini, unasaidia lakini unawakosa wagonjwa ambao fangasi bado ni wachache.

Baadhi ya maabara pia huzimua damu hatua kwa hatua ili kujua antijeni ni nyingi kiasi gani. Ikiendelea kuonekana hata damu ikizimuliwa mara 160 au zaidi, uwezekano wa kuwa imeshafika ubongoni ni mkubwa, na mgonjwa huyo asirudishwe nyumbani na vidonge peke yake kabla mgongo haujapimwa.

Mume wangu anakataa kuchomwa sindano ya mgongo. Anasema waliochomwa wote walikufa. Nimwambie nini?

Hofu hii ni ya kweli na haimalizwi kwa kumkaripia mtu. Watu wameona kwa macho yao: jirani alipelekwa hospitali, akachomwa mgongo, baada ya siku mbili akafariki. Kilichomuua ni ugonjwa. Alifika akiwa amechelewa, na sindano ikawa jambo la mwisho ambalo ndugu waliliona. Mwambie mume wako hivyo, taratibu, na mwombe muuguzi au daktari akae naye akiwepo mtu anayemwamini, iwe kaka yake au mshenga wake.

Kuhusu kupooza: uti wa mgongo wenyewe unaishia juu ya kiuno, na sindano inaingizwa chini ya hapo, mahali penye maji na mishipa inayosogea sindano inapopita. Kabla ya kuchoma, daktari huangalia kama kuna kidonda mahali pa kuchoma, tatizo la damu kutoganda, au dalili za uvimbe ubongoni. Zikiwepo, haendelei hivi hivi. Baada ya kuchomwa, kichwa au kiuno kinaweza kuuma kwa muda na dawa za maumivu husaidia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaambiwi vya kutosha. Kwa mgonjwa wa kriptokokasi, sindano hiyo ni kipimo na ni tiba pia. Fangasi huziba njia ya maji, shinikizo linapanda ndani ya fuvu, na hilo ndilo linaloleta maumivu makali ya kichwa na upofu. Maji yakitolewa, shinikizo linashuka, na wagonjwa wengi hupata nafuu siku hiyo hiyo. Kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini waliofuatiliwa kwa karibu, waliotolewa maji tena baada ya mara ile ya kwanza ya kupimwa walikuwa na vifo vichache zaidi katika siku za mwanzo. Kwa hiyo akiambiwa achomwe mara ya pili na ya tatu, wanampunguzia shinikizo. Hawafanyi majaribio juu yake.

Mgongo umekutwa safi. Nitapewa dawa gani?

Vidonge vya flukonazoli. Kwa mtu mzima mwongozo wa WHO ni miligramu 800 hadi 1,200 kwa siku kwa wiki 2, halafu 800 kwa wiki 8, kisha 200 kila siku mpaka kinga ipande na kutulia. Hizi ni dozi kubwa kuliko ile ya kidonge kimoja cha fangasi wa ukeni unayoijua, usishangae wala usizipunguze mwenyewe.

Mwambie daktari kama una ujauzito au unaweza kuwa nao, kwa sababu dozi kubwa za flukonazoli miezi ya mwanzo zinaweza kumdhuru mtoto. Mwambie pia kama uko kwenye dawa za TB: rifampisini inapunguza nguvu ya flukonazoli mwilini.

Na kama fangasi ameshafika ubongoni?

Mgonjwa analazwa. Tangu mwaka 2022 WHO inapendekeza dripu moja tu ya amfoterisini B ya liposomu, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Pendekezo hilo limetokana na utafiti wa AMBITION uliofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Baada ya wiki 10, vifo vilikuwa takriban 25 kwa kila wagonjwa 100 kwa tiba hiyo, dhidi ya 29 kwa tiba iliyotangulia ya dripu za kila siku kwa wiki nzima, na upungufu wa damu pamoja na madhara mengine makubwa vilikuwa vichache zaidi. Inapendeza kwamba jibu hili limepatikana kwa wagonjwa wa Afrika, katika hospitali za Afrika.

Lakini 25 kati ya 100 bado ni wengi mno kufa, na hao ni wagonjwa waliokuwa ndani ya utafiti wenye uangalizi wa karibu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini tunang'ang'ania kipimo cha damu mapema.

Kwa nini wamenichelewesha kuanza ARV? Si ndizo zitakazopandisha kinga?

Ndizo, na utazianza. Ila kinga ikirudi ghafla huku ubongo umejaa fangasi, mwili unapigana nao kwa nguvu kiasi cha kuvimbisha ubongo. Utafiti wa COAT, wa Uganda na Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba walioanza ARV ndani ya wiki 2 za mwanzo walikufa zaidi: 45 kati ya 100 baada ya wiki 26, wakati walioanza takriban wiki ya 5 walikuwa 30. Kwa mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi husubiriwa wiki 4 hadi 6 tangu tiba ya fangasi ianze. Kwa mwenye antijeni kwenye damu tu, daktari atakupangia tarehe. Ishike tarehe hiyo.

Nimemaliza dozi, lakini kipimo bado kinasoma chanya. Dawa imeshindwa?

Hapana, si kwa kigezo hicho. Vipande vya ganda la fangasi hubaki kwenye damu miezi mingi, wakati mwingine miaka, hata baada ya fangasi wenyewe kufa. CrAg ya damu haitumiki kufuatilia kupona. Kinachofuatiliwa ni dalili zako, na ikibidi, kuotesha maji ya mgongo. Tunza cheti chako cha kwanza, ili ukihamia kituo kingine wasikuanzishe upya bila sababu.

Kipimo hiki kinaweza kukosea?

Mara chache sana. Ni kati ya vipimo vya haraka vinavyoaminika zaidi tulivyo navyo. Kuna fangasi wengine adimu wanaoweza kukifanya kisome chanya. Kinyume chake, antijeni ikiwa nyingi kupita kiasi inaweza kukilemea kijikaratasi na kuficha mstari. Kama mgonjwa ana dalili zote na kipimo ni hasi, sampuli izimuliwe na kupimwa tena.

Ndugu yetu ana saratani ya damu. Daktari ametaja galaktomanani. Ni nini?

Ni kiashiria cha fangasi mwingine, Aspergilasi, ambaye hushambulia mapafu ya watu walioishiwa chembe nyeupe aina ya nyutrofili, hasa baada ya dawa kali za saratani au upandikizaji wa uboho. Kama CrAg, ni sukari ya ukuta wa fangasi inayomwagika kwenye damu. Hupimwa kwa mashine na jibu lake ni namba. Watengenezaji wa kipimo kinachotumika sana huchukulia 0.5 kuwa mpaka, ingawa vigezo vya kimataifa vya utafiti vya mwaka 2020 vinadai 1.0 kwa sampuli moja ya damu.

Namba hiyo isisomwe peke yake. Mgonjwa aliyekwisha kuanzishiwa dawa za kuzuia fangasi anaweza kuonekana hasi ilhali anaumwa. Hutegemewa zaidi kwa asiye na nyutrofili kuliko kwa aliye nazo. Piperasilini-tazobaktamu, antibiotiki ambayo wagonjwa hawa hupewa sana, iliwahi kusababisha majibu ya uongo, na maji fulani ya dripu pia. Daktari makini huagiza sampuli ya pili na picha ya CT ya kifua. Kipimo kinapatikana katika maabara chache kubwa, kwa hiyo uliza kama sampuli inaweza kutumwa.

Na beta-glukani?

Beta-glukani imo kwenye ukuta wa fangasi wengi: Kandida, Aspergilasi, na yule wa nimonia ya Pneumosistisi ambaye huipandisha juu sana. Kwa kipimo kinachojulikana zaidi, pikogramu 80 kwa mililita na kuendelea ni chanya. Malighafi yake hutokana na damu ya mnyama wa baharini aitwaye Limulus, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kubwa.

Nguvu yake iko kwenye jibu hasi, linalompa daktari moyo wa kusimamisha dawa. Jibu chanya lina maelezo mengi: mgonjwa amewekewa albumini au imunoglobulini, anasafishwa damu kwa vichujio fulani, au amefungwa pamba nyingi za upasuaji. Na haimwonyeshi vizuri kriptokokasi, kwa hiyo haichukui nafasi ya CrAg.

Hakuna kipimo kimoja cha fangasi wote?

Hakuna. Fangasi wa jamii ya mukori, wale walioshambulia macho na pua za wagonjwa wa UVIKO-19 huko India mwaka 2021, hawaonekani kwa galaktomanani wala beta-glukani. Lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama na kuangaliwa. Kandida huoteshwa kwenye damu, na kuotesha huko huwakosa karibu nusu ya wagonjwa. Daktari huchagua kipimo kwa kuangalia ni kinga ya aina gani iliyopungua.

Nimemaliza dawa za TB, vipimo vya TB ni hasi, lakini bado nakohoa damu. Nipime galaktomanani?

Kwa hali yako kipimo cha damu kinachofaa zaidi ni kingamwili za IgG dhidi ya Aspergilasi, pamoja na picha ya kifua. Fangasi huyu hupenda kukaa kwenye matundu yaliyoachwa na TB, na huko Gulu, Uganda, ameshatafutwa na kukutwa kwa watu waliomaliza tiba. Usikubali kurudishiwa dawa za TB mara ya tatu bila mtu kulifikiria hili.

Watoto?

Kupima CrAg kwa utaratibu wa kawaida ni kwa vijana kuanzia miaka 10 na watu wazima. Mtoto mdogo hupimwa akiwa na dalili.

Kuna ushahidi kwamba kupima kunapunguza vifo hapa kwetu?

Upo. Dar es Salaam na Lusaka, utafiti ulioongozwa na Sayoki Mfinanga wa NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2015 uliwachukua watu wenye CD4 chini ya 200. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine liliongezewa CrAg, dawa kwa waliokutwa chanya, na wahudumu wa jamii waliowatembelea nyumbani kila wiki kwa mwezi wa kwanza wa ARV. Vifo katika kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko katika kundi la kwanza. Kipimo na mtu wa kubisha hodi vilifanya kazi pamoja, na mimi siamini kimoja kingetosha bila kingine: jibu chanya lililobaki kwenye faili halimsaidii mgonjwa.

Nikifika kliniki niseme nini?

"Naomba kujua CD4 yangu ya mwisho ni ngapi na ilipimwa lini. Kama iko chini ya 200, nimepimwa CrAg?" Ukijibiwa kwamba vijikaratasi vimeisha, uliza kituo gani cha karibu kinavyo na uombe barua. Acha namba ya simu inayopatikana, na ya ndugu mmoja, ili jibu likiwa chanya upigiwe siku hiyo hiyo.

Ni dalili gani zisingoje tarehe ya kliniki?

Kichwa kinachouma siku baada ya siku na hakisikii dawa, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili au giza, kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, au mtu aliyekuwa mchangamfu kuanza kusinzia ovyo na kutojibu. Mpelekeni hospitali siku hiyo, hata kama CrAg ya mwezi uliopita ilikuwa hasi, na mtaje wazi kwamba ana VVU na kinga yake iko chini.